Upindo wa Gauni la Pentheus

Mfalme kijana wa Thebes anatoka ndani ya jumba lake akiwa amevaa mavazi ya kike. Gauni limefika kwenye vifundo vya miguu, kichwani ana nywele ndefu zilizofungwa kitambaa, mabegani ngozi ya paa, na mkononi fimbo iliyozungushiwa majani ya mtambaa. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa akitoa amri za kuwafunga minyororo wanawake waliokimbilia mlimani kumchezea Dionysus. Sasa anauliza kama amependeza, na anafanana na nani zaidi, mama yake mzazi Agave au Ino, dada ya mama yake. Mgeni aliyesimama kando yake, ambaye ni Dionysus mwenyewe aliyejigeuza mwanadamu, anamwambia shungi moja la nywele limechomoka chini ya kitambaa. Mfalme anajieleza: alikuwa akitikisa kichwa huko ndani, akijaribu ngoma yao. Mgeni anamrudishia shungi lake, kama kungwi anavyomweka sawa mwari wake. Kisha anaona mkanda umelegea, na upindo wa gauni umekaa upande. Mfalme anageuza shingo kukitazama kisigino chake, na anakubali kwamba mguu wa kulia kweli umepinda, ila huku kwingine, anasema, umenyooka.

Nimeisoma sehemu hii ya Bacchae, tanzia ya Euripides, na wanafunzi mara nyingi, na darasa hucheka palepale kila mara, kwenye upindo. Kisha mjumbe anakuja kutoka mlimani. Anasimulia jinsi wanawake walivyoung'oa mti aliokuwa amepanda Pentheus ili awachungulie, jinsi alivyoanguka, na jinsi mama yake alivyokuwa wa kwanza kumrukia. Katika dakika yake ya mwisho kijana yule alikivua kile kitambaa cha kichwani ili mama amtambue, akamgusa shavu na kumwambia kwamba yeye ni mwanawe. Agave hakumtambua. Aliukanyaga ubavu wake, akauvuta mkono mpaka ukatoka begani.

Kitambaa ni kilekile. Kilichotuchekesha kilipokuwa kikitengenezwa ndicho alichokivua bure ili mama amjue mwanawe. Euripides angeweza kumpeleka mfalme mlimani bila kutupotezea muda na mkanda na mikunjo ya gauni. Alituchelewesha pale makusudi, ili kila kipande cha vazi lile tukijue vizuri kabla hakijalowa damu.

Ninaanzia hapa kwa sababu katika kufundisha na kuhakiki tanzia tumezoea maelezo rahisi kupita kiasi kuhusu kicheko. Tunafundishwa kwamba mwandishi wa tanzia hutia vichekesho ili kuwapumzisha watazamaji: uchungu ukizidi, analetwa mlevi au mtumishi mpumbavu, watu wanapata nafuu, kisha kazi inaendelea. Maelezo hayo yalikuja na masomo ya Shakespeare, hasa yule bawabu mlevi anayegongewa lango usiku wa mauaji katika Macbeth. S. S. Mushi, aliyewapa wasomaji wa Kiswahili Makbeth, ndiye pia aliyewapa Mfalme Edipode ya Sophocles, kwa hiyo kwetu Shakespeare na Wagiriki wamekaa kwenye rafu moja, na ni rahisi kuwapima kwa kipimo kimoja. Kwa Wagiriki kipimo hicho hakifai. Nimetafuta katika tanzia zao mahali ambapo kicheko kinampumzisha mtazamaji kweli, akarudi kwenye msiba akiwa na nafuu kidogo, na sijapaona. Ninapaona mahali pengi ambapo kicheko kinafungua mlango na maafa yanapita.

Aristotle alisema kinachochekesha ni kosa au kasoro isiyo na maumivu wala maangamizi. Kwa kipimo hicho Pentheus hapaswi kuchekesha hata kidogo, maana tunajua anakwenda kufa. Dionysus ameshatuambia wazi kwamba anataka mfalme huyu apitishwe mjini akiwa kichekesho cha Thebes nzima, kisha aende kuzimu katika mavazi hayo hayo. Basi tunapocheka tunatimiza agizo la mungu. Tumekuwa sehemu ya adhabu. Naamini hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika tamthilia ile, gumu kuliko hata kichwa anachokibeba Agave akidhani ni cha simba. Kichwa kile ni kosa la Agave. Kicheko kilikuwa chetu.

Mtu anaweza kuuliza washairi hawa wa majonzi walijifunza wapi kuchekesha. Jibu liko katika mashindano yenyewe. Katika sikukuu kubwa ya Dionysus mjini Athens, iliyofanyika kila mwaka majira ya kuchipua, kila mshairi wa tanzia aliyechaguliwa alileta tamthilia 4: tanzia 3, na ya nne mchezo wa masatiri, viumbe nusu mtu wenye masikio na mikia ya farasi, wapenda mvinyo, waoga na wenye makelele. Vichekesho vya mjini, vya akina Aristophanes, vilikuwa na mashindano yao na washairi wao. Masatiri walikuwa mali ya mwandishi wa tanzia. Maana yake ni kwamba Aeschylus, Sophocles na Euripides walilazimika, kila waliposhindana katika sikukuu hiyo, kuliza na kuchekesha kwa siku moja, kwa waigizaji walewale na korasi ileile. Michezo hiyo karibu yote imepotea. Cyclops ya Euripides ndiyo pekee iliyotufikia nzima. Ya Sophocles kuhusu masatiri wanaosaka ng'ombe wa Apollo walioibwa tunayo nusu, kutokana na mafunjo yaliyochimbwa Oxyrhynchus, Misri, na kuchapishwa mwaka 1912.

Mwaka 438 KK Euripides alifanya jambo la ajabu. Mahali pa mchezo wa masatiri alileta Alcestis, na masatiri hawamo. Yumo mke anayekubali kufa badala ya mumewe, watoto wanaolia, na mume, Admetus, anayemlilia mke ambaye yeye mwenyewe amemruhusu afe. Baba yake Admetus anakuja na mapambo ya maziko, na mbele ya maiti baba na mwana wanarushiana maneno kuhusu nani alipaswa kufa na nani ni mwoga zaidi. Kila mmoja anasema kweli kuhusu mwenzake. Ukiusoma ugomvi ule kwa sauti utacheka, na utaona aibu kucheka.

Halafu anafika Heracles, mgeni wa nyumba. Admetus, kwa kuogopa kuvunja desturi ya ukarimu, anamficha kwamba aliyekufa ni mkewe. Heracles anakula, anakunywa, anavaa taji la majani kichwani na kuimba vibaya huku watumishi wakijifuta machozi. Anamwita mtumishi mmoja aliyenuna na kumpa mawaidha ya mlevi: sote tutakufa, kwa hiyo kunywa. Mtumishi anashindwa kuvumilia, anasema ukweli. Heracles anauliza maswali machache mafupi na ulevi unamtoka. Kutokana na aibu ya dakika ile anaamua kwenda kaburini kupigana na Kifo mwenyewe. Euripides hakuhitaji sababu nyingine ya kumwokoa Alcestis. Kosa la mlevi ndilo linalomrudisha mke duniani, na tamthilia inamalizika naye amesimama mbele ya mumewe amefunikwa uso, kimya, kwa kuwa hataruhusiwa kusema mpaka siku ya tatu. Furaha ile nimeishuku daima. Mume anamkuta mkewe, na mke hana neno. Majaji walimpa Euripides nafasi ya pili mwaka ule, nyuma ya Sophocles.

Lakini asidhani msomaji kwamba Euripides ndiye aliyeileta tabia hii. Mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hii ni wa Aeschylus, mshairi tunayemfikiria kuwa mzito na mwenye maneno ya radi. Mwaka 458 KK, katika tanzia ya pili ya Oresteia, Orestes amerudi nyumbani kwa siri kulipiza kisasi cha baba yake. Amejifanya msafiri aliyeleta habari kwamba Orestes amekufa. Mama yake, Clytemnestra, amesikia, ametoa maneno ya huzuni na kumkaribisha ndani. Mauaji yako mlangoni. Hapo anatoka mtumwa mzee, yaya, anayeitwa Kilissa, jina lisilo jina, kwa sababu maana yake ni mwanamke wa Kilikia tu. Analia. Anamlilia mtoto aliyemlea, na kwa kuwa hajui maneno ya kifalme analia kwa maneno ya kazi yake: jinsi alivyoamshwa usiku, jinsi mtoto mchanga asivyoweza kusema kama ana njaa au kiu au haja ndogo, jinsi tumbo la mtoto lisivyomngoja mtu. Ilimbidi abashiri kama mganga, na mara nyingi alibashiri vibaya, kwa hiyo alifua. Alikuwa yaya na dobi kwa mkono mmoja.

Mikojo ya mtoto, katikati ya tanzia nzito kuliko zote za dunia ya kale! Wako wahakiki walioona haya kwa niaba ya Aeschylus. Mimi naona hapa ndipo anapoonyesha ukubwa wake. Kwanza, Kilissa ametumwa kumwita Aegisthus, mpenzi wa malkia, aje na walinzi wake; korasi inamshawishi amwambie aje peke yake. Kwa hiyo mtumwa huyu anayechekesha ndiye anayewezesha mauaji. Pili, na hili ndilo linalonisimamisha kila ninapoisoma, muda si mrefu Clytemnestra atasimama mbele ya upanga wa mwanawe, afunue titi na kumwambia aliheshimu, kwamba ndilo alilonyonya. Orestes anasita. Anamgeukia rafiki yake Pylades na kuuliza afanyeje. Sisi watazamaji tumeshamsikia Kilissa. Tunajua nani aliamka usiku, na nani alifua. Ombi la malkia linakuja limechelewa, maana yaya amelitangulia kwa kikapu chake cha nguo chafu.

Sophocles ana mkono mwepesi zaidi. Askari katika Antigone yake anafika kwa mfalme Creon na habari kwamba maiti iliyokatazwa imezikwa, lakini kwanza anaeleza kwa kirefu kwa nini amechelewa: roho yake ilimwambia usiende, utaadhibiwa, kisha ikamwambia ukikaa, naye akipata habari kwa mwingine, utaadhibiwa zaidi, basi njia fupi ikawa ndefu. Amekuja kwa sababu kura ilimwangukia. Creon anapokasirika, askari anataka kujua maneno yake yanamchoma mfalme masikioni au moyoni. Mtenda kosa, anafafanua, ndiye anayeuchoma moyo wako. Mimi nachoma masikio tu.

Tucheke, kisha tutazame tulichocheka. Mtu huyu anaogopa kumwambia mtawala jambo la kweli ambalo hahusiki nalo. Ana haki ya kuogopa, kwa sababu Creon anaishia kutishia kuwatundika walinzi hai wasipomleta mkosaji. Kabla hata hatujamsikia Haemon akimwambia baba yake kwamba raia wananong'ona gizani, askari ametuonyesha mji unavyoishi chini ya mfalme huyu. Anaporudi amemkamata Antigone, aliyeizika maiti ile, anafurahi waziwazi. Anakiri kwamba inauma kuwatia wapendwa matatani, ila anasema yote hayo hayafiki thamani ya usalama wake mwenyewe. Ni maneno ya mtu mdogo, na ni ya kweli. Anatoka, hatumwoni tena. Kufikia mwisho Antigone, Haemon na Eurydice, mke wa Creon, wamekufa na Creon hana nyumba. Askari yuko hai mahali fulani.

Na mjumbe wa Korintho katika Mfalme Edipode? Msomaji wa Kiswahili amsome tena kwa jicho hili. Ni mzee aliyekuja kwa hiari akitumaini zawadi kwa kuleta habari njema: mfalme wa Korintho amekufa, Oedipus atawazwe. Oedipus anafurahi, kwa sababu utabiri ulisema atamuua baba yake na kumwoa mama yake, na sasa baba amejifia kitandani. Amebakiwa na hofu ya mama tu. Mzee, kwa wema wote wa moyo, anataka kumwondolea hata hofu hiyo: usiogope, wale hawakuwa wazazi wako. Baadaye analetwa mchungaji wa Thebes, ambaye anaijua siri yote na anatamani ardhi immeze. Mzee wa Korintho anamchangamkia kama rafiki wa zamani, anamkumbusha walivyochunga pamoja mlimani Kithairon misimu mitatu, anamwonyesha Oedipus na kusema, ndugu yangu, huyu hapa yule mtoto wetu. Mwenzake anamfokea anyamaze. Kama usingejua habari, mazungumzo ya wazee hawa wawili, mmoja hawezi kufunga mdomo na mwingine hawezi kuufungua, yangekuwa futuhi safi ya sokoni. Sophocles hakubadilisha mwendo wake hata kidogo. Alibadilisha tu kile kinachofichwa.

Watu ndani ya tanzia hizi wanakijua kicheko vizuri kuliko wahakiki wengi, na wanakiogopa. Medea wa Euripides, mwaka 431 KK, anarudia tena na tena kwamba hatakubali adui zake wamcheke, na woga huo unasimama pamoja na wivu miongoni mwa mambo yanayowaua watoto wake. Ajax wa Sophocles anajiua baada ya kugundua kwamba, akiwa amepagawa, alichinja kondoo na ng'ombe akidhani ni makamanda wa Wagiriki. Tukio lenyewe lina kila sifa ya kichekesho: shujaa anampiga mjeledi kondoo dume aliyemfunga hemani, akimwita Odysseus. Athena anamwita Odysseus wa kweli aje aone, na anamuuliza kama kuna kicheko kitamu kuliko kumcheka adui. Odysseus anakataa. Anasema anamhurumia, kwa sababu katika hali ya Ajax anaiona hali yake mwenyewe, na kwamba sisi tulio hai ni vivuli tu. Sophocles ameweka kicheko mezani, akamweka mungu wa kukikaribisha, kisha akamweka mwanadamu mmoja anayekataa kula. Kwangu hilo ndilo tukio tukufu kuliko yote katika tamthilia za Sophocles.

Kuhusu Helen ya Euripides, iliyoigizwa 412 KK, wengi husema si tanzia kabisa, na ukisoma tukio la mlangoni huko Misri utawaelewa. Menelaus, mshindi wa Troy, amevunjikiwa na merikebu na amejifunga vipande vya tanga. Anagonga mlango, anafungua bibi kizee anayemsukuma aondoke. Anapojisifia majeshi yake, bibi anamjibu kwamba huko labda alikuwa mtu, hapa si mtu. Menelaus anatokwa na machozi. Lakini tazama tarehe. Mwaka uliotangulia, 413, Waathene walipoteza jeshi lao lote na merikebu zao huko Sisilia. Walioketi kwenye viti vya mteremko wa Acropolis walikuwa na wafu wa hivi karibuni. Na tamthilia inawaambia nini? Kwamba Helen hakufika Troy kamwe, aliyefika ni kivuli kilichofinyangwa kwa hewa. Mtumishi mzee wa Menelaus anauliza: ina maana taabu zile zote tulizipata kwa ajili ya wingu? Anauliza kwa mshangao wa mtu wa kawaida, na nina hakika wako waliocheka. Nani alicheka bila kufikiria mtoto wake? Mwaka uliofuata Aristophanes aliigeza tamthilia hiyo katika futuhi yake, jambo linaloonyesha ilivyowakaa watu akilini.

Sitetei kila kitu. Katika Orestes, ya mwaka 408 KK, mtumwa wa Kifrigia anayetoka akikimbia na kuimba hofu yake ananishinda; nadhani pale Euripides alimtumia mgeni kwa ajili ya makelele yake tu, kitu ambacho Aeschylus hakumfanyia Kilissa. Bernd Seidensticker, aliyechapisha mwaka 1982 kitabu kizima cha Kijerumani kuhusu mambo haya, ana subira kubwa kuliko yangu.

Mwishoni mwa Karamu, Plato anasimulia kwamba alfajiri, wengine wakiwa wamelala, Socrates alikuwa bado akiwasukuma Agathon, mwandishi wa tanzia, na Aristophanes, wa futuhi, wakubali kwamba mwenye ujuzi wa kutunga tanzia ndiye mwenye ujuzi wa kutunga futuhi. Wote wawili walikuwa wakisinzia. Aristophanes alilala kwanza, Agathon akafuata kulipokucha, na hoja haikuelezwa.

Nina ombi kwa wafasiri na waongozaji wetu. Kiswahili sanifu cha vitabuni kina hatari moja katika kazi hizi: humfanya kila mtu aseme kama mfalme. Mtu akiitafsiri Oresteia, amwache Clytemnestra na lugha yake ya kasri, lakini Kilissa aseme kama yaya, na winda la mtoto liitwe winda, mikojo iitwe mikojo. Askari wa Creon aruhusiwe kubabaika. Na mwongozaji atakayeigiza Bacchae asiufute upindo wa gauni kwa kuogopa kwamba watazamaji watacheka. Awaache wacheke mpaka mwisho, kisha amlete mjumbe.